Gloria Mbili za Vivaldi, na Zile Herufi RV

Swali limetoka kwa mwalimu wa kwaya ya parokia: "Tunajiandaa kuimba Gloria ya Vivaldi. Nilipotafuta nota nimekuta mbili, moja imeandikwa RV 588 na nyingine RV 589, zote Doh ni D. Kijana wetu anayepiga fidla naye ana makaratasi ya kipande cha Vivaldi kiitwacho 'La primavera'. Karatasi moja inasema Op. 8 namba 1, nyingine RV 269, nyingine F. I namba 22, na moja ya zamani inasema P. 241. Je, hivyo ni vipande vinne au kimoja? RV ni nini? Na je, Gloria yenye namba kubwa ndiyo iliyotungwa baadaye?"

Mwalimu, nianze na yale ya haraka, maana wanakwaya wako hawawezi kusubiri nimalize hadithi.

Gloria ambayo watu wengi wanaifahamu, ile ambayo vyombo vinaanza kwa kuruka kutoka do ya chini kwenda do ya juu na kurudi, kwaya ikaingia kwa nguvu na neno "Gloria", hiyo ni RV 589. RV 588 ni kazi nyingine ya mtunzi huyohuyo, kwa maneno yaleyale ya Misa, katika ufunguo uleule wa D meja. Ukichapisha sauti za waimbaji kutoka moja na nota za mpiga kinanda kutoka nyingine, mtagongana mlangoni kabisa. Nimeliona likitokea. Kwaya moja niliyoisaidia ilikuwa imejifunza sauti nne vizuri, mpiga fidla wa kualikwa akafika siku ya mazoezi ya mwisho na RV 588 mkononi. Hakuwa na kosa. Aliambiwa "Gloria ya Vivaldi, ya D", naye akaleta Gloria ya Vivaldi, ya D.

Makaratasi ya kijana wako wa fidla ni kazi moja tu. Op. 8 namba 1, RV 269, F. I namba 22 na P. 241 zote ni koncheto ileile ya E meja (koncheto ni kipande ambamo chombo kimoja au zaidi hujibizana na okestra), ya kwanza kati ya nne ziitwazo Majira Manne.

Na hapana, namba kubwa haimaanishi kazi imetungwa baadaye. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na hapa ndipo nataka nikae kidogo.

Wewe ni mtu wa kwaya, kwa hiyo mfano huu utauelewa mara moja. Wimbo mmoja wa kanisa unaweza kuwa na namba moja katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri, namba nyingine katika cha Waanglikana, na nyingine tena katika cha Wasabato. Wimbo haujabadilika. Kilichobadilika ni kitabu, na kila mhariri alipanga kurasa zake kwa namna yake: mmoja akaweka kwanza nyimbo za Majilio, mwingine akaanza na nyimbo za kusifu. Hakuna anayedhani wimbo namba 300 ulitungwa baada ya wimbo namba 12. Namba inakuambia ufungue ukurasa gani. RV, F na P ni vitabu vitatu tofauti vilivyoorodhesha kazi za mtu mmoja. Op. ni jambo tofauti kidogo, nitalieleza.

Antonio Vivaldi alizaliwa Venice tarehe 4 Machi 1678 na kufariki Vienna tarehe 28 Julai 1741. Alipewa upadre mwaka 1703, na kwa sababu ya nywele zake watu wa Venice walimwita Padre Mwekundu. Mwaka huohuo aliajiriwa kufundisha fidla katika Ospedale della Pietà, makao yaliyolea watoto waliotelekezwa. Wasichana wa pale wenye vipaji walifundishwa muziki hadi wageni wa Ulaya nzima wakawa wanakwenda kuwasikiliza. Aliandika kwa kasi ya ajabu. Mfaransa mmoja msafiri, Charles de Brosses, aliyekutana naye Venice mwaka 1739, aliandika kwamba alimsikia Vivaldi akijisifu kuwa anaweza kutunga koncheto pamoja na sauti zake zote haraka kuliko mnakili anavyoweza kuinakili. Mtu wa namna hiyo anaacha nyuma rundo la karatasi, na rundo la Vivaldi kwa sehemu kubwa halina tarehe.

Sasa hizo "Op." Ni kifupi cha opus, neno la Kilatini lenye maana ya kazi. Zamani hizo mchapishaji alikusanya vipande sita au kumi na viwili vya mtunzi, akavitia katika kitabu kimoja na kukipa namba. Op. 1 ya Vivaldi ilitoka Venice mwaka 1705, sonata kumi na mbili. Op. 3, iitwayo L'estro armonico, ilitoka Amsterdam mwaka 1711 kwa mchapishaji Estienne Roger, na ndiyo iliyomtangaza Ulaya. Johann Sebastian Bach mwenyewe alichukua koncheto kadhaa za kitabu hicho akazigeuza kuwa za kinanda. Op. 8, yenye Majira Manne, ilitoka Amsterdam mwaka 1725.

Namba ya opus basi ni namba ya kitabu kilichouzwa dukani, na ina mapungufu matatu makubwa. La kwanza, mwaka wa kuchapishwa hauwi lazima mwaka wa kutungwa. Katika maneno ya kuitabaruku Op. 8 kwa kabaila Wenzel von Morzin, Vivaldi mwenyewe anamwomba mheshimiwa asishangae kuyakuta humo Majira Manne, kwa kuwa tayari alikuwa ameyasikia na kuyafurahia kwa muda mrefu. La pili, sehemu kubwa ya kazi zake haikuchapishwa kabisa akiwa hai. Muziki wake wote wa kanisa, Gloria yako ikiwemo, hauna namba ya opus. Tena mwaka 1733 alimwambia Mwingereza mmoja, Edward Holdsworth, kwamba hatachapisha tena koncheto zake, kwa sababu akiuza nakala za mkono moja moja anapata fedha zaidi. La tatu ndilo baya zaidi: opus nyingine si yake. Op. 13, sonata ziitwazo Il pastor fido, ilichapishwa Paris mwaka 1737 kwa jina la Vivaldi. Aliyeziandika ni Mfaransa Nicolas Chédeville, aliyetaka jina kubwa liuzie kitabu chake. Mchapishaji alikiri mbele ya mthibitishaji wa mikataba mwaka 1749, lakini karatasi ile ya kukiri ililala kwenye nyaraka hadi ilipowekwa wazi mwaka 1990. Kwa zaidi ya miaka mia mbili wanafunzi wa filimbi na obo waliamini wanapiga Vivaldi.

Kwa hiyo ilihitajika orodha, na orodha haikuweza kuandikwa hadi karatasi zipatikane. Historia ya kupatikana kwake naipenda kupita sehemu nyingine zote za habari hii.

Vivaldi alikufa maskini, ugenini. Mkusanyiko wa miswada yake mwenyewe, ile aliyoiweka nyumbani kwa kazi, uliingia katika maktaba ya seneta wa Venice aitwaye Jacopo Soranzo, baadaye ukafika mikononi mwa Giacomo Durazzo, aliyekuwa balozi wa Austria mjini Venice. Akina Durazzo walikuwa ukoo wa Genoa, nao wakarithishana majalada yale kizazi hadi kizazi, bila mtu kuyapiga. Kwa karne nzima na zaidi Vivaldi alibaki jina dogo katika vitabu vya historia: yule padre ambaye Bach aliwahi kunakili koncheto zake.

Mwaka 1926 chuo kimoja cha Wasalesiani wa Don Bosco huko Borgo San Martino, kaskazini mwa Italia, kilihitaji fedha kwa ajili ya kukarabati majengo. (Ndio Wasalesiani haohao ambao huku kwetu tunawajua kwa shule zao za ufundi.) Kilikuwa na majalada ya zamani ya muziki, kiliyoachiwa na mmoja wa ukoo wa Durazzo, na mkuu wa chuo akataka kujua yana thamani gani kabla ya kuyauza. Aliiuliza Maktaba ya Taifa ya Turin. Mkurugenzi wa maktaba, Luigi Torri, akamkabidhi kazi Alberto Gentili, mwalimu wa historia ya muziki katika Chuo Kikuu cha Turin. Gentili alifungua makasha akakuta majalada 97, na kati ya hayo 14 yalikuwa ya Vivaldi: koncheto, opera, muziki wa kanisa, kwa mwandiko wa mtunzi mwenyewe.

Maktaba haikuwa na fedha, na ikijulikana kilichomo, wafanyabiashara wa vitu vya kale wangekuja mbio. Gentili alimwendea Roberto Foà, dalali wa hisa wa Turin aliyekuwa amefiwa na mwanawe mdogo, Mauro. Foà alinunua mkusanyiko wote akaukabidhi kwa maktaba kwa kumbukumbu ya mtoto huyo.

Gentili alipoyachunguza majalada kwa makini akagundua kwamba namba zake zinaruka. Kurasa nyingine zilikatika katikati ya kazi. Maana yake mkusanyiko uliwahi kugawanywa, na nusu ya pili ilikuwa bado ipo mahali. Walifuata ukoo wa Durazzo hadi Genoa, wakamkuta mrithi mzee asiyetaka hata kusikia habari ya kuuza. Ilichukua miaka kumlegeza. Fedha za mara hii zilitoka kwa Filippo Giordano, mwenye kiwanda cha nguo, naye pia aliyefiwa na mtoto wa kiume, Renzo. Mwaka 1930 nusu mbili ziliungana. Ndiyo maana hadi leo ukisoma habari za muswada wa Vivaldi ulioko Turin utakuta maneno "Foà" au "Giordano" na namba ya jalada. Yale ni majina ya watoto wawili waliokufa, yameandikwa juu ya muziki ambao usingepona bila huzuni ya baba zao. Kwa jumla ni majalada 27 yenye kazi takriban 450.

Nina uchungu na mwisho wa sehemu hii. Mwezi Septemba 1939 mtunzi Alfredo Casella aliandaa Siena juma zima la muziki wa Vivaldi, na humo Gloria tunayoiita RV 589 ikasikika tena. Alberto Gentili hakupewa nafasi yake. Alikuwa Myahudi, kama Foà, na sheria za ubaguzi za Italia za mwaka 1938 zilikuwa zimekwisha kumwondoa chuoni. Kwa hiyo kila unapofundisha kwaya yako Gloria hiyo, mtaje na Gentili.

Baada ya vita ndipo orodha zilipofuatana. Mario Rinaldi alitoa yake mwaka 1945, akajaribu kuendeleza namba za opus kwa kazi ambazo hazikuwahi kuchapishwa. Sikubaliani na uamuzi ule hata kidogo, kwa kuwa ulizipa karatasi za mkono namba zinazofanana na za vitabu vya dukani, na ukazidisha mkanganyiko. Mfaransa Marc Pincherle akafuata mwaka 1948. Hiyo ndiyo P ya karatasi ya zamani ya kijana wako. Pincherle alishughulikia koncheto na sinfonia, akazipanga kwa ufunguo akianzia C meja. Ni orodha ya mtu aliyeujua muziki, na rekodi nyingi za santuri za miaka ya 1950 na 1960 zinaitumia, lakini ukiitafuta Gloria humo hutaipata, kwani muziki wa kuimba haumo.

F ni Antonio Fanna. Huyu alianzisha Venice mwaka 1947 taasisi ya kuchapisha muziki wa Vivaldi, na nyumba ya Ricordi ikatoa juzuu baada ya juzuu chini ya uhariri wa mtunzi Gian Francesco Malipiero. Fanna alipanga kwa chombo: namba ya Kirumi inataja kundi la vyombo, namba ya kawaida inafuata zamu ndani ya kundi. F. I ni fidla. Majira Manne ni F. I namba 22 hadi 25, yanafuatana kama yalivyofuatana katika Op. 8. Orodha hii nayo ni ya vyombo tu.

Halafu akaja Mdenmark Peter Ryom, ambaye R ni yake. V ni Verzeichnis, neno la Kijerumani lenye maana ya orodha. Utaikuta V hiyo pia katika BWV ya Bach na HWV ya Handel, ambako W ni Werke, yaani kazi. Ryom alitoa toleo lake dogo Leipzig mwaka 1974, na kitabu kamili kilitoka mwaka 2007. Tangu hapo kazi ya kuiendeleza imeshikwa na Mwitalia Federico Maria Sardelli, ambaye ni mtafiti na pia kiongozi wa okestra. RV ilishinda orodha nyingine zote kwa sababu mbili. Iliingiza kila kitu, vya kupiga na vya kuimba, vilivyochapishwa na vya mkono. Na Ryom alikwenda kwenye karatasi zenyewe, akatazama mwandiko, akalinganisha nakala za miji mbalimbali, badala ya kutegemea walichosema waliomtangulia.

Ukiuelewa mpango wake unaweza kusoma namba kama mtu anavyosoma anwani. Mwanzo kabisa ni sonata. Koncheto za fidla moja zinaanzia RV 170 na kuendelea hadi karibu na 400, maana ziko zaidi ya 200. Za selo zinaanzia 398. Ya mandolini moja ni 425. Za filimbi zinafuata, kisha obo, kisha basuni kuanzia 466. Baadaye zinakuja koncheto za vyombo viwili na zaidi. Ile ya tarumbeta mbili ni 537. Muziki wa kanisa unaanzia 586 kwa Misa, halafu 587 Kyrie, halafu 588 na 589 Gloria, halafu Credo, halafu zaburi. Magnificat iko 610, Stabat Mater 621, oratorio (simulizi takatifu la kuimbwa bila kuigizwa) Juditha triumphans 644. Opera ziko mwishoni, zimepangwa kwa alfabeti ya majina yake.

Ndani ya kila kundi la vyombo, Ryom alifuata ufunguo: C, kisha D, E, F, G, A, B, na kila mahali meja inatangulia maina, yaani ile ngazi ambayo kwa tonik-solfa tunaianzia la. Mwonyeshe kijana wako wa fidla jambo hili kwa Majira Manne. Kuchipua, ndiyo La primavera yake, ni E meja, RV 269. Mapukutiko ni F meja, RV 293. Baridi ni F maina, RV 297. Kiangazi ni G maina, RV 315. Vivaldi aliyaweka pamoja, na orodha imeyatawanya, kwa kuwa imeyatazama kwa ufunguo tu. Kwa hiyo kwa Majira Manne mimi hutaja zote mbili, Op. 8 na RV. Op. inaniambia yalitoka pamoja, RV inanihakikishia sijakosea kipande.

Kwa nini Ryom hakupanga kwa wakati, kama Köchel, aliyeorodhesha kazi za Mozart, alivyofanya mwaka 1862? Kwa sababu ya rundo lile lisilo na tarehe. Mtafiti hukisia mwaka kwa alama za maji za karatasi, kwa mistari ya nota ilivyochorwa, kwa mwandiko wa wanakili, na makisio hubadilika. Namba iliyofungwa kwenye makisio ingelazimika kuhama kila mara. Köchel mwenyewe yalimpata: namba za Mozart zimehamishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Ryom alichagua kitu kisichobadilika, chombo na ufunguo.

Mpango huo una gharama yake. Koncheto iitwayo La notte, Usiku, ipo RV 439 kwa filimbi na okestra ya nyuzi, na ipo RV 104 kwa kikundi kidogo cha vyombo. Ni muziki uleule, umetenganishwa kwa mamia ya namba kwa sababu vyombo vimebadilika. Wakati huohuo RV 501, ya basuni, inaitwa La notte pia na ni kazi nyingine. Vivyo hivyo La tempesta di mare, Dhoruba ya Bahari: RV 253 ni ya fidla na RV 433 ni ya filimbi, na hazina uhusiano zaidi ya jina. Ukiagiza nota kwa jina peke yake utapata dhoruba usiyoitaka.

Turudi kwenye Gloria zako mbili. Hakuna iliyoandikwa tarehe. Watafiti wengi wanaziweka katika miaka ya 1710, na wana sababu. Mwaka 1713 Francesco Gasparini, aliyekuwa mkuu wa kwaya ya Pietà, aliomba likizo akaondoka, na mzigo wa kutunga muziki wa ibada ukamwangukia Vivaldi, ambaye ajira yake ilikuwa ya fidla. Mwezi Juni 1715 wasimamizi wa Pietà walimzawadia dukati 50 kwa Misa nzima, Masifu ya Jioni, oratorio na moteti zaidi ya thelathini. Gloria hizi zinaingia vizuri katika kipindi hicho. Ipi ilitangulia? 588 na 589 hazikusaidii, zimekaa jirani tu kama wanafunzi wa dawati moja.

Lakini lipo jambo linaloziunganisha, nalo litawapendeza besi wako. Sehemu ya mwisho, "Cum Sancto Spiritu", ile fyuga nzito inayofunga kazi, ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine kwa wimbo uleule, haikutungwa na Vivaldi. Aliichukua kutoka Gloria ya mwaka 1708 ya Giovanni Maria Ruggieri, iliyoandikwa kwa kwaya mbili, akaipunguza na kuinyosha. Akafanya hivyo mara mbili, mara moja kwa kila Gloria, kila mara kwa namna yake. Nakala ya kazi ya Ruggieri ilikutwa Turin ndani ya karatasi za Vivaldi mwenyewe, na katika orodha imewekwa pembeni kama RV Anh. 23. Anh. ni Anhang, kiambatisho, sehemu ya kazi zenye shaka au zinazojulikana si zake lakini zinamgusa. Ukikuta nota zenye "RV Anh.", simama kwanza uulize.

RV 588 ina tofauti moja kubwa ambayo kwaya inapaswa kuijua kabla haijaichagua. Inafungwa pamoja na utangulizi, "Jubilate, o amoeni chori", ambao una namba yake mwenyewe, RV 639, na mwisho wa utangulizi huo unasukwa ndani ya mwanzo wa Gloria. Huwezi kuutenganisha bila mkasi. Kwa parokia yenye mazoezi mara mbili kwa wiki, RV 589 ni rahisi kuishika. Tazama pia kwamba ziliandikwa kwa taasisi ya wanawake, na sauti za tenori na besi ziliimbwa na wanawake walewale wa Pietà.

Orodha hii haijafungwa, na hilo ndilo linalonifanya niipende. Katika miaka ya 1750 mnakili wa Venice aitwaye Iseppo Baldan aliuza muziki wa kanisa kwa makao ya kifalme ya Dresden. Mtunzi Galuppi ndiye aliyekuwa na soko wakati huo, Vivaldi alikuwa amekwisha kusahauliwa, na Baldan akaandika jina la Galuppi juu ya kazi ambazo si za Galuppi. Nisi Dominus moja, yaani Zaburi ya 127, ya "Bwana asipoijenga nyumba", ilitambuliwa na Mwingereza Michael Talbot mwaka 2003 kuwa ya Vivaldi. Ikawa RV 803. Miaka miwili baadaye mtafiti wa Australia, Janice Stockigt, akaikuta Dixit Dominus, Zaburi ya 110, katika mkusanyiko uleule chini ya jina lilelile la uongo. Ni kazi kubwa, ya kwaya na okestra, na sasa ni RV 807. Sikiliza sehemu zake za kwaya siku ukipata nafasi, Mwalimu. Kwa miaka mia mbili na hamsini zilikaa maktabani, hazikupotea, zilikosa jina tu.

Namba hizo za 800 zinakuonyesha pia kwa nini kazi ya ujanani inaweza kuwa na namba ya mwisho kabisa: kilichopatikana baada ya mpango kukamilika kinapewa namba mpya mkiani. Isipokuwa pale ambapo kiti kilikuwa kimewekwa tayari. Opera Motezuma, iliyochezwa Venice mwaka 1733, ilijulikana kwa maneno yake yaliyochapishwa, muziki ukiwa haujulikani uliko, na Ryom akaipa RV 723 hivyohivyo. Muziki wake kwa sehemu kubwa ulionekana mwaka 2002 katika mkusanyiko wa Sing-Akademie, chama cha waimbaji cha Berlin, uliokuwa umerudishwa kutoka Kiev, ukaingia kwenye namba yake. Na pale pale kando ya Gloria zako ipo RV 590, Gloria ya tatu, inayojulikana kwa kutajwa tu katika orodha ya zamani. Muziki wake bado haujapatikana.

Sasa ya kufanya wiki hii. Tafuta IMSLP, maktaba ya nota ya bure mtandaoni, kwa kuandika "Vivaldi Gloria RV 589", usiandike "Vivaldi Gloria" pekee. Angalia jina la mhariri: toleo la Casella lina mikato na mabadiliko aliyoyafanya mwenyewe kwa ajili ya Siena, kwa hiyo usilichanganye na toleo linalofuata muswada wa Turin. Nota za sauti, za kinanda na za vyombo zitoke toleo moja. Hesabu sehemu: lazima ziwe kumi na mbili, kutoka "Gloria in excelsis Deo" hadi "Cum Sancto Spiritu". Katika "Domine Deus", solo ya soprano, chombo kinachojibizana na mwimbaji ni obo, na kama hamna obo mpe kijana wako wa fidla, mstari huo unamfaa kabisa.

Kwenye karatasi ya ratiba ya siku hiyo andika hivi: Antonio Vivaldi, Gloria katika D meja, RV 589. Na ukimwalika mpiga chombo kutoka nje, mtumie namba hiyo kabla hujamtumia nauli.